Kasha la Babu Likifunguliwa: Namna ya Kuzisoma na Kuzitunza Nguo za Wanaume wa Zamani

Msiba ukipita na khitma ikisomwa, wiki chache baadaye hunijia mtu hapa Wete, Pemba, na mfuko mkononi. Ndani mna kanzu mbili tatu zilizogeuka manjano, kofia iliyobonyea, pengine na joho linalonuka ukungu. Swali huwa ni lile lile: "Bi mkubwa, hizi zinafulika?" Na jibu langu huwa lile lile: usifue kwanza. Nguo ya mwanamume wa zamani imebeba habari zake upande wa ndani, na nyingi katika hizo huondoka na povu la mwanzo.

Nilijifunza kwa kuharibu. Mama alikuwa mshona kofia, na baba alikuwa na cherehani ya miguu barazani, akishona kanzu. Nilipokuwa na miaka 19, mteja mmoja aliniletea kanzu ya babu yake, ya melimeli, pamba nyepesi sana, yenye darizi, yaani nakshi ya uzi, ya hariri nyekundu shingoni. Nikairoweka kwa sabuni ya unga usiku kucha. Asubuhi wekundu umeshuka kifua kizima. Nikasuuza, nikasuuza, maji yakawa meupe na doa likabaki. Yule bwana aliitazama, akaikunja, akaondoka bila kusema neno. Haya yote ninayoyaeleza yanaanzia kwenye beseni lile.

Kabla maji hayajagusa nguo

Tandika shuka safi juu ya mkeka, mbali na jua la dirishani. Nawa mikono, vua pete na saa. Kama mikono ina mafuta au hina mbichi, ngoja siku nyingine. Itoe nguo moja moja ukiibeba kwa viganja viwili, usiivute bega wala ncha ya mkono, maana uzi wa miaka 70 haukupi taarifa kabla ya kukatika.

Kasha lenyewe likague. Makasha ya njumu, yale yaliyopambwa kwa shaba, mengi yana saraka kwa chini na kisanduku kidogo kwa ndani upande mmoja, na humo wazee waliweka vifungo, pete, risiti. Piga picha ya kila nguo mbele na nyuma, kisha igeuze ndani nje upige tena. Tia vidole mifukoni taratibu. Mifuko imenipa tiketi za meli, punje za karafuu, na mara moja karatasi ya dua iliyokunjwa mara nane. Kila ulichokikuta, andika kimetoka nguo gani, mfuko gani.

Halafu nenda kwa bibi mwenye nyumba kabla hujaanza kubahatisha. Wanawake ndio waliozifua nguo hizi na kuzipiga pasi ya mkaa, kwa hiyo wao ndio wanaojua hii ilikuwa ya Ijumaa, hii ya shambani, hii hakuivaa tena tangu alipofiwa na mwanawe.

Kitambaa

Fumba macho ukishike. Kikiwa kizito, kina vijifundo vya pamba, na weupe wake umeelekea rangi ya maziwa, huenda ukawa umeshika merikani. Jina limebeba historia yake. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli kutoka Salem, Massachusetts, zikawa zinateremsha Unguja majora ya pamba isiyopaushwa na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile kilisafiri hadi ndani ya bara, kikalipia posho na ushuru kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata njia ya pamba, vitambaa vya Uingereza, na baadaye vya viwanda vya Bombay, vikashika nafasi, ila ulimi wa watu haukubadilika. Kwa hiyo bibi akikwambia "hii merikani", amekutajia aina, hajakutajia kilikotoka. Tafuta chapa ya kiwanda kwenye pindo. Niliwahi kufumua sijafu ya kanzu ya zamani nikakuta kipande chenye chapa ya buluu: fundi hakutaka kukitupa, wala hakutaka kionekane.

Merikani ilikuwa nguo ya kazi na ya maskini, pamoja na kaniki yake nyeusi. Mwenye uwezo alivaa bafta, pamba nyeupe laini, au melimeli nyepesi inayoonesha kivuli cha mkono ukiipitisha chini yake.

Kama una shaka ni uzi gani, chomoa uzi mmoja tu kutoka ndani ya sijafu, ushike kwa kibano, uutie moto juu ya sahani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Hariri na sufi hunuka nywele zilizoungua. Tetroni, uzi wa kiwandani usio wa pamba wala sufi, haiwi jivu, hujikunja na kuganda kuwa punje ngumu nyeusi. Punje hiyo ikitokea, basi kanzu hiyo si ya babu wa babu yako hata ukoo mzima uape, maana nyuzi hizo zilianza kuuzwa duniani katika miaka ya 1950.

Na ukikuta kikoi au shuka chini ya zote, usikitie kwenye matambara. Hiyo ndiyo nguo kongwe kupita zote humo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa nguo za heshima: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni, kwa kuwa suruali watu wa kule hawakuwa nayo, kisha kanzu ya kitambaa cha Misri, joho lenye bitana na kilemba. Miaka karibu 200 baadaye, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba wafalme wa Pemba, Unguja na Mafia walivaa hariri na pamba nzuri walizonunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, bandari ya India. Tazama basi: nguo ya kiunoni, kanzu, joho, kilemba. Babu yako aliyekwenda msikitini hapa Wete na kikoi chini ya kanzu alikuwa amevaa mpangilio ule ule.

Geuza ndani nje

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote.

Baba alinifunza viungo vya kanzu kwa kunigusisha nikiwa mdogo, kama anavyofunzwa mtoto macho na pua. Badani, kipande kikuu cha mbele na nyuma. Taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana wa chini. Kikwapa, kile kijitambaa cha chini ya kwapa kinachomwachia mtu nafasi ya kunyanyua mkono. Kaba, kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo. Lisani, ulimi uliolala chini ya mpasuo wa kifua. Sijafu, pindo lililorudishwa ndani. Kanzu nyingi za dukani leo hazina kikwapa kabisa, mkono umeunganishwa moja kwa moja, ndiyo maana kijana akichuma embe na kanzu ya Idd hurudi nyumbani ubavu wazi.

Anza na kikwapa. Kama weupe wake haufanani na wa badani, kimebadilishwa, na kanzu hiyo ilivaliwa kazini, si ya kwenda msikitini tu. Kisha pima ncha za mikono: mkono anaoutumia mtu huchakaa kwanza, na hapo utajua kama babu alikuwa mashoto. Halafu inua badani la mbele ulielekeze dirishani. Kwa mtu wa swala utaona sehemu mbili usawa wa magoti ambapo nyuzi zimelegea na mwanga unapita zaidi. Kanzu ya baba yangu ina sehemu hizo, na la kulia limelegea kuliko la kushoto, kwa sababu aliumwa goti la kushoto miaka yake ya mwisho na akiinuka alijitegemeza upande mmoja. Hakuna picha iliyohifadhi jambo hilo. Limehifadhiwa na bafta.

Sasa mshono. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851 kule Marekani, na mashine hizo zikatapakaa katika bandari zetu kuelekea mwisho wa karne ile. Mshono wa cherehani unafanana juu na chini, hatua sawa kwa sawa. Wa mkono hata uwe wa fundi gani una pumzi: hapa umebana, hapa umeachia, na mwisho wa uzi utaona kifundo au kurudia mara mbili. Mshono mrefu wa ubavuni ukiwa wa mkono, unayo sababu nzuri ya kuifikiria nguo ni kongwe. Darizi ya mkono peke yake haikupi umri, kwa kuwa wapo wanaodarizi kwa mkono hadi leo.

Shingo nayo ina maneno yake. Kanzu isiyo na nakshi yoyote huitwa ya mfuto. Ile yenye mistari ya hariri shingoni na kifuani ni ya darizi. Ikiwa na shada linaloning'inia kutoka kooni, mtindo wake umetoka Omani, na hilo shada ndilo lililochovywa manukato, hivyo linuse kabla hujaligusa. Ikiwa na kola ya kusimama, vifungo vya plastiki na mifuko miwili ya ubavuni, hiyo ni ya mtindo wa Ghuba na ni ya juzi tu.

Kofia

Kofia ninaijua kwa vidole, na sitaki uikosee.

Kofia ya viua ya mkono ina vipande viwili: duara la juu na mzunguko wa pembeni. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cheupe. Unachora kwa penseli, unatoboa kitundu kwa sindano nene, unakizungushia uzi mpaka kinasimama kama jicho, unahamia cha pili. Vipande vinaunganishwa mwisho, kazi yote ikishakwisha. Mama alitumia mwezi mmoja kwa kofia nyepesi, na miezi miwili au zaidi kwa ile ambayo viua vyake vimebanana hadi hupati pa kuweka ncha ya kalamu. Alishona baada ya isha kwa taa ya kandili, na macho yake yaliishia humo.

Kuijua ya mkono, igeuze. Katika ya mkono, kiua kwa ndani kinakaribia kufanana na cha nje, na uzi unaotoka kiua kimoja kwenda kingine umepita katikati ya tabaka mbili, huuoni. Katika ya mashine utaona nyuzi zinaruka juu ya kitambaa kwa ndani, au zimekatwa zikaacha vinywele, na viua vyote viko sawasawa kabisa. Kumma ya Omani ni ndugu wa kofia hii. Bahari ilibeba watu na mitindo kwenda na kurudi, kwa hiyo usishangae kukuta moja ndefu kidogo kwa juu katika kasha la Mpemba.

Na kuna jambo la kukumbuka kila unapoishika. Zamani za utumwa, mtumwa katika visiwa hivi alitembea kichwa wazi na miguu mitupu, shuka ya merikani kiunoni. Kofia na viatu vilikuwa vya muungwana. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na katika miaka iliyofuata wanaume walioachwa huru walivaa kanzu na kofia. Ukikuta kofia ya umri huo katika familia ya wakulima wa karafuu, imechakaa ukingoni hadi uzi umetoka, ujue kuna mtu aliivaa kila siku na alijua kwa nini. Ndiyo maana huwa nakataa mtu anaponiomba niikate ukingo uliochakaa na kuweka mpya. Nautia uzi mwembamba wa kushikiza kwa ndani, basi.

Kuifua: iache katika maji baridi matupu usiku mmoja, mwaga, rudia. Kwangua sabuni ya mche katika maji vuguvugu, koroga hadi povu, izamishe, uibonyeze kwa kiganja. Usifikiche wala usitumie brashi, viua hufumuka. Klorini usiitie kabisa. Suuza hadi maji yasiteleze. Kisha ivishe kopo au bakuli lenye mzunguko wa kichwa kile kile, ikauke kivulini penye upepo.

Ukitaka isimame, ipige kanji: kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi, umimine katika vikombe vinne vya maji yanayochemka huku unakoroga mpaka yaangaze. Yapoe, zamisha kofia, kamua kwa kiganja, irudishe kwenye kopo. Lakini kanji ni ya kofia inayovaliwa. Inayokwenda kuhifadhiwa isuuze kanji yote itoke, kwa sababu mende na wadudu wengine hula wanga, na wakila wanga hula na uzi.

Tarabushi jekundu ni habari nyingine. Ni sufi iliyokandamizwa, ikiingia maji hairudi. Uturuki ilikotambulika sana iliipiga marufuku mwaka 1925, hapa ikaendelea kuvaliwa, na askari polisi nao walikuwa nayo. Pangusa vumbi kwa brashi laini, jaza karatasi nyeupe ndani, uiache.

Joho, kilemba na koti

Joho na bushti, vazi la Kiarabu la kutupia juu ya kanzu, hazifuliwi nyumbani. Ni za sufi, na zile zari za ukingoni ni nyuzi za madini zilizosokotwa juu ya uzi. Ukizisugua kwa ndimu au majivu zing'are, utaondoa hata kilichobakia. Seyyid Barghash, Sultan wa Zanzibar, alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha amevaa kilemba na joho, na Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala 1911 hadi 1960, picha zake za ukutani zipo hivyo hivyo. Kwa hiyo usilipe joho umri kwa mtindo wake. Mtindo ulisimama mahali pamoja muda mrefu. Tazama bitana na lebo.

Adui wa joho ni nondo. Ukiona vitundu na vumbi kama mchanga, likunje kavu kabisa, lifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke katika friza wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko siku hiyo. Liache lipate joto la chumba kwanza, la sivyo umande utaliingia.

Koti la kizungu juu ya kanzu, ambalo wazee wetu walilipenda mno, linasomeka kirahisi: lebo ya fundi au ya duka iko mfuko wa ndani.

Usiidharau suruali

Watu hutupa suruali kwa kudhani si za kihistoria. Mwaka juzi nililetewa moja ya kijana wa wakati ule, kitambaa kizuri, mguu umepunguzwa kutoka gotini kwenda chini, na ndani ya mshono kumebaki upana wa vidole vinne kila upande. Nilijua mara moja. Mwanzo wa miaka ya 1970 suruali pana, bugaluu, zilipigwa marufuku Zanzibar, na mafundi walikuwa na kazi ya kuzibana. Baba alizibana nyingi. Hakukata kitambaa cha ziada, alikikunja ndani, akasema huenda siku moja mwenyewe ataitaka tena. Ile niliyoletewa ilikuwa imekunjwa vivyo hivyo. Iache ilivyo, usiifumue ili ionekane pana. Huo upana uliofichwa ndio habari yake.

Kurudisha kashani

Pamba nyeupe isiyo na darizi ya rangi unaweza kuifua kama nilivyosema kwa kofia, na buluu ya kufulia kidogo sana ukipenda. Yenye rangi ijaribu: lowesha pamba ya sikio, ikandamize juu ya uzi wa darizi kwa ndani, uhesabu hadi 60. Pamba ikitoka na rangi, nguo hiyo haiingii maji, ipepee tu kivulini.

Kunja kwa kuweka shuka kuukuu safi ndani ya kila mkunjo, na kila mwaka ubadilishe mistari ya mkunjo, maana hariri hukatika pale pale inapokunjwa siku zote. Pini na sindano toa zote. Kutu haitoki. Karafuu weka, sisi Pemba hatuna haja ya kununua dawa ya nondo, lakini zitie katika kifuko kilichoshonwa, uzipachike pembeni mwa kasha zisiguse kitambaa, kwa sababu mafuta yake huacha doa la kahawia. Udi fukiza kasha likiwa tupu, kisha ndiyo urudishe nguo. Baada ya masika fungua kila kitu, pepea siku nzima, angalia ukungu kwenye sijafu na chini ya kaba.

Andika kwa penseli juu ya kipande cha bafta jina la mwenye nguo, nani alikwambia, na mwaka uliouliza. Kishikize kwa nyuzi mbili tu za bandi, mshono wa kushikiza kwa muda, ndani ya pindo, si kwa pini wala gundi.

Na ukitaka kuivaa Idd, vaa. Ya pamba tu, ambayo mishono yake umeivuta kidogo kwa vidole ikashika. Tia fulana ndani jasho lisiifikie, manukato jipake wewe usiinyunyizie nguo, na ukirudi kutoka uwanjani ivue kabla hujakaa kwenye sinia la pilau.